Shamba la Chuo Lisiwe la Maonyesho Tu

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa huu kwenda kwenye vitendawili na vichekesho, nipe dakika chache. Nataka kuzungumza juu ya kabichi, ng'ombe na daftari la hesabu. Najua wengine mtacheka, maana katika kidato chetu cha tatu ukisema unataka kusomea kilimo unaulizwa kama umeshajua utakosa alama za kusomea kitu kingine. Chekeni tu, lakini someni.

Maoni yangu ni kwamba chuo chochote kinachofundisha kilimo kiwe na shamba la biashara, shamba la kweli linalouza na kununua, linalopata faida na linalopata hasara, na wanafunzi waonyeshwe hesabu zake bila kufichwa. Shamba la maonyesho peke yake halitoshi. Nasema hivi kwa sababu ya yaliyompata mjomba wangu.

Mjomba, ndugu mdogo wa mama, alisoma miaka miwili katika chuo cha kilimo akapata cheti chake. Siku aliporudi nyumbani tulichinja jogoo. Alijua mambo, na simsifu kwa kuwa ni damu yangu. Aliweza kutazama jani la mhindi lililogeuka manjano akakwambia udongo umepungukiwa na nini. Basi akakodi ekari moja, akapanda kabichi. Nafasi aliipima kwa kamba, sentimita 60 kwa 60, kama vitabu visemavyo, na kwa nafasi hiyo ekari moja huchukua miche 11,000 na zaidi. Mama alimwombea mkopo wa shilingi 40,000 katika chama chao cha akina mama, na pesa nyingine akatoa mwenyewe. Waama, kabichi zilikubali! Watu walikuwa wakisimama njiani kuzitazama.

Lakini zilikubali kwa kila mtu. Msimu uliotangulia bei ilikuwa juu, kwa hivyo kila mwenye kipande cha ardhi upande wetu alikuwa amepanda kabichi. Dalali alipofika na lori alitoa shilingi 3 kwa kichwa, tena akasema atachagua vikubwa tu. Mjomba akamwambia, "Hiyo si bei, hayo ni matusi." Dalali hakubishana. Alipanda lori lake akaenda kwa jirani. Baada ya siku 4 mjomba alimpigia simu yeye mwenyewe, na sasa bei ilikuwa shilingi 2. Zilizobaki zilipasuka shambani. Tukalisha ng'ombe, na sisi tukala kabichi asubuhi na jioni mpaka mdogo wangu akawa analia akiiona sufuria. Deni la chama alilipa mama, kidogo kidogo, kwa miezi 14.

Siku moja nilimwuliza mjomba kama chuoni hawakufunzwa kuuza. Akasema walifunzwa, kulikuwa na somo zima la masoko, na alipita vizuri. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Chuoni walilima kabichi pia. Zilipoiva zilipelekwa jikoni, zikaliwa na wanafunzi. Kwa miaka yote miwili hakuona hata siku moja kabichi ikikosa mnunuzi.

Sasa niambieni, huyu alifunzwa kilimo au alifunzwa nusu yake? Alifunzwa kuotesha. Kuotesha ni kazi ngumu na sitaidharau, lakini mkulima haishi kwa kuotesha. Anaishi kwa kile kinachobaki mfukoni baada ya kulipa mbegu, mbolea, vibarua na lori. Na hicho kinachobaki huwezi kukijua kwa kutazama shamba kutoka barabarani.

Mwaka jana wanafunzi wa somo la kilimo tulipelekwa kutembelea chuo kimoja. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa walitupokea vizuri wakatupa mkate na maziwa lala. Kila kitu kilikuwa safi ajabu. Majani ya Napia yalikuwa yamekatwa kwa mstari, kila kitalu kina kibao chake kilichopakwa rangi, na ng'ombe wa Friesian walikuwa na majina. Mwalimu aliyetutembeza alisema ng'ombe mmoja alikuwa akitoa lita 24 kwa siku. Tukapiga makofi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikainua mkono.

"Samahani mwalimu, huyu ng'ombe anawaachia faida gani kwa mwezi?"

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama ng'ombe. Kisha akasema, "Hiyo ni kazi ya afisi ya uhasibu."

Nikauliza kama wanafunzi wa chuo huziona hizo hesabu. "Mtihani hauulizi hivyo," akasema, na tukasonga mbele kwenda kwenye nguruwe.

Sikutaka kumwaibisha. Nilitaka kujua kweli, kwa sababu nyumbani tuna ng'ombe mmoja na hatujui kama anatulisha au sisi ndio tunamlisha bure. Usiku huo nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ya mfano tu, na wewe ukitaka badilisha bei uweke za kwenu. Tuseme ng'ombe anatoa lita 15 kwa siku, na lita moja ni shilingi 50. Hiyo ni shilingi 750. Tuseme chakula cha gunia ni shilingi 40 kwa kilo, naye anakula kilo 5, yaani shilingi 200. Sasa aje msimamizi anayependa sifa, aongeze kilo 2. Ng'ombe anapandisha lita 1 tu, maana mwili wake umekaribia kikomo. Msimamizi ametoa shilingi 80 kupata shilingi 50! Kibao kitaandikwa lita 16, wageni watapiga makofi, na kila siku shilingi 30 zinapotea. Kwa mwezi ni shilingi 900. Zidisha kwa ng'ombe 20 upate shilingi 18,000 zinazomwagika, na hakuna anayeziona kwa sababu hazina harufu kama maziwa yaliyoharibika.

Jambo hili lina jina refu katika somo letu, kanuni ya mapato yanayopungua. Ndugu zetu wa kidato cha nne huchora grafu yake, ina mgongo kama wa ngamia, wanaiwekea alama wanapata maksi. Lakini wangapi wameiona zizini? Ng'ombe anayetoa maziwa mengi si lazima awe ndiye anayeleta pesa nyingi. Shamba la maonyesho haliwezi kukufunza hivyo, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha lita. Shamba linalojilipia litakufunza kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mishahara itachelewa.

Au chukua habari ya kumkausha ng'ombe. Ng'ombe mwenye mimba hukaushwa kama siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike. Siku hizo hatoi hata kikombe cha chai, na anakula vilevile. Katika kitabu huu ni mstari mmoja. Katika shamba la biashara ni miezi miwili ya kutafuta pesa kwingine, na ukikausha ng'ombe 6 kwa wakati mmoja kwa sababu hukupanga vizuri, utajuta. Mwanafunzi aliyeshuhudia majuto hayo hatayasahau hata akisahau kitabu.

Wazo hili si jipya wala si langu. Tuanze na la hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro hakikuanza kama chuo kikuu. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya ukulima, juu ya ardhi iliyotolewa na Lord Maurice Egerton wa Tatton, na shabaha ilikuwa kuwafunza vijana wa kizungu kazi ya shamba. Mwaka 1958 aliongeza ekari nyingine 1,100. Baadaye ndipo milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Tazameni jambo moja hapo. Masetla, pamoja na ubaguzi wao wote, walipotaka watoto wao wajue kilimo hawakuanza kwa kujenga ukumbi wa mihadhara. Walianza na ardhi. Walijua mtoto wa mkulima hafunzwi ubaoni. Ardhi hiyo sasa ni yetu, na Egerton yenyewe ina sehemu iitwayo Tatton Agriculture Park ambapo kilimo cha biashara na mafunzo vinakwenda pamoja. Napenda sana wazo hilo, na ningependa kila chuo kidogo cha cheti na stashahada kiwe na lake, hata la ekari 10.

Jirani zetu wa Tanzania walifika mbali zaidi kwa mawazo. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo hakusema shule iwe na kishamba pembeni cha kufanyia mazoezi. Alisema shule yenyewe iwe pia shamba, ilishe watu wake, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, hesabu zitunzwe, na mavuno yakiwa mazuri au mabaya wanafunzi wenyewe waonje tofauti. Mawazo makubwa haya! Lakini katika shule nyingi kilichobaki kilikuwa jembe, daftari likasahaulika. Wanafunzi walilima, mipango ikafanywa na wengine. Hapo ndipo nasema tuwe macho, kwa sababu kosa hilo ni rahisi kulirudia.

Na kule mbali, Paraguay, Amerika ya Kusini, iko shule ya kilimo iitwayo San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilichukuliwa na shirika la Fundación Paraguaya ikiwa na shida ya fedha, likaamua kwamba shule ijilipie kwa biashara zake yenyewe: maziwa, kuku, mboga, hata hoteli ndogo ya wageni. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa inalipa gharama zake za uendeshaji. Wanafunzi, ambao wengi ni watoto wa wakulima maskini, ndio waliokuwa katika hizo biashara, wakizalisha na kuuza. Sisemi tuige kila kitu. Nasema jambo hili limefanyika mahali na watoto wa rika letu.

Mwalimu wetu wa kilimo aliposoma makala haya mara ya kwanza alinirudisha chini kidogo. Aliniambia, "Wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuajiri mtu." Akanieleza kwamba shamba la biashara humwogopa mwanafunzi. Mkamaji mgeni huacha maziwa kiweleni, ugonjwa wa kiwele unaingia, ng'ombe anadungwa sindano, na maziwa yake yanamwagwa kwa siku kadhaa mpaka dawa iishe mwilini. Nani atalipa? Msimamizi mwenye akili atafunga zizi kwa kufuli, aajiri wakamaji wazoefu, na wanafunzi wabaki kuchungulia dirishani. Sasa shamba lina faida na chuo hakina somo.

Nilinyamaza kwa muda, maana alikuwa amenipata. Tena kuna hatari ya upande wa pili ambayo nilimtajia mimi. Shamba likitamani faida sana, wanafunzi watageuzwa vibarua wa bure. Kupalilia siku ya kwanza ni mafunzo. Kupalilia siku ya thelathini ni kibarua, nacho kilipwe. Halafu iko shida ya kalenda. Ng'ombe hajui likizo. Anakamwa alfajiri na jioni, Krismasi na Idd, ilhali chuo kina muhula wa kufungua na kufunga. Mahindi ya kwetu hupandwa mvua za masika zikianza na huvunwa mwisho wa mwaka, wakati wanafunzi wako kwenye mitihani au wamefunga mizigo. Kwa hivyo mwanafunzi anaweza kupanda asivune, au kuvuna asichopanda, akaondoka na cheti bila kuona msimu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo sijabadili nia. Hizi ni sababu za kupanga vizuri, si sababu za kukata tamaa. Mimi ningegawanya shamba la chuo. Sehemu kubwa iendeshwe na msimamizi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, ambaye kipimo chake ni faida, na wanafunzi waingie humo kwa zamu chini ya wazoefu. Sehemu ndogo wapewe wanafunzi kwa makundi, kila kundi likopeshwe mtaji na shamba kubwa, lirudishe na riba kidogo. Wachague wenyewe la kupanda. Wakipanda kabichi kwa kuwa bei ya jana ilikuwa nzuri, waachwe wapande! Wakipata hasara, hasara iwe ya ekari robo, na mwalimu awe karibu kuwaeleza kilichotokea. Heri mjomba angepata hasara ya shilingi 3,000 chuoni kuliko ile aliyoipata akiwa na deni la akina mama shingoni. Likizo wabaki wachache kwa zamu, nao walipwe posho.

Lakini jambo ninaloling'ang'ania kuliko yote ni daftari. Kila Jumatatu hesabu za shamba zibandikwe kwenye ubao wa matangazo: tuliuza nini, kwa nani, kwa bei gani, nani hajatulipa, ng'ombe gani ni mzigo. Wanafunzi wagombane juu yake. Kwa nini tunamweka yule ng'ombe mzee? Mwalimu wa mifugo atasema tunamweka ili mwone ugonjwa wake, na msimamizi atasema auzwe Ijumaa. Wote wawili wana haki. Basi gharama ya kumweka iandikwe kwenye fungu la kufundishia, isiandikwe kwenye fungu la maziwa, ili kila mtu ajue somo lile limegharimu shilingi ngapi. Nadhani vyuo vingi havifanyi hivi, si kwa ubaya, ni kwamba hasara inaaibisha. Yaani mwalimu wa kilimo ataonekanaje akipata hasara? Ataonekana mkulima, basi.

Na pesa za shamba zikae katika akaunti ya shamba. Zikichanganywa na za chuo zitalipa stima, zitapaka rangi lango, na mvua ikinyesha hakutakuwa na mbolea. Hapo utalaumu nani?

Mtaniuliza haya yatuhusu nini sisi wa sekondari ya kutwa. Yanatuhusu. Nyuma ya maabara tuna shamba letu la sukuma wiki, nanyi nyote mnajua ni nani hulilima. Ni aliyechelewa, aliyepiga kelele na aliyekosa tai. (Natumai mwalimu wa zamu akisoma hapa hatanipa adhabu, maana najua itakuwa ipi.) Kidato cha kwanza tulifunzwa kutunza kumbukumbu za shamba. Tulinakili majedwali daftarini kwa rula na kalamu nyekundu. Hata leo sijaona kumbukumbu moja ya zile sukuma wiki, nani alizinunua wala pesa zilikwenda wapi, na sidhani kuna aliyeziiba. Sidhani tu kama kuna mtu aliyewahi kuhesabu. Mtoto akijifunza miaka minne kwamba shamba ni mahali pa kupelekwa ukikosa, kisha akaenda chuo akakuta shamba ni mahali pa vibao na makofi, atakuja kujulia wapi kwamba ni biashara? Atajulia kwa dalali wa lori, kama mjomba.

Nyumbani nimeanza kidogo. Tuna kuku 6, nimewafungulia daftari. Mwezi wa kwanza nilipata hasara ya shilingi 140, nikagundua kuku wawili walikuwa wameacha kutaga na wanakula kuliko wengine. Mama akasema, "Hiyo hata mimi ningekwambia bila daftari." Lakini wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kuuliza daftari linasemaje juu ya ng'ombe. Nikamwonyesha. Hatujakubaliana bado.

Juu ya mimi kusomea kilimo, jibu lake bado ni moja. "Kilimo tumekilipia karo mara moja katika ukoo huu. Hatulipi tena." Simlaumu. Miezi 14 si mchezo, na kuna mambo tuliyokosa nyumbani miezi hiyo ambayo sitayaandika hapa. Nimemwambia kosa halikuwa la kilimo wala la mjomba, kosa lilikuwa la kufunzwa mahali ambapo kabichi hazikosi mlaji. Akasema atafikiri.

Mwakani nafanya mtihani wa KCSE. Mama akikubali, kilimo ndicho nitakachochagua. Siku nitakayofika kwenye lango la chuo, kabla sijauliza mahali pa kulala, nitaomba kuona hesabu za shamba za mwaka uliopita, na wakiniambia hiyo ni kazi ya afisi ya uhasibu nitaomba kuonyeshwa afisi hiyo iko wapi. Mjomba amesema atanisindikiza. Ana maswali yake kuhusu kabichi.